Nyota zikizimika zote

"Mimi ni mlinzi wa usiku katika jumba moja la ghorofa huku Kilimani. Usiku ni mrefu, kwa hiyo natazama video kwenye simu. Miezi miwili iliyopita niliona moja ikisema wanasayansi wamethibitisha kwamba ulimwengu wote utakufa kwa baridi, nyota zote zizimike, kusibaki kitu. Nyingine ikasema utapasuka vipande vipande. Nyingine tena ikasema kuna kiputo kinachoweza kutokea popote, hata sasa hivi, kitufute kabla hatujajua, na kwamba ile mashine ya Uswisi inaweza kukianzisha. Mchungaji wetu anasema ni moto. Tangu hapo nikirudi nyumbani asubuhi usingizi hauji. Nina watoto watatu, karo nailipa kwa shida. Ni ipi ya kweli? Itakuwa lini? Na kama mwisho ndio huo, haya yote ni ya nini?"

Ndugu yangu,

Barua yako ilinikuta nikisahihisha mitihani, nikaiweka kalamu chini. Nimefundisha fizikia na elimu ya nyota hapa Nairobi kwa miaka mingi, na swali kama lako huulizwa darasani karibu kila mwaka. Tofauti ni kwamba wanafunzi wangu huliuliza mchana, wenzao wakiwa pembeni. Wewe umekaa nalo peke yako saa tisa usiku, na swali la saa tisa usiku huwa zito kuliko lile lile la saa tisa mchana. Kwa hiyo nitaanza na kile kinachokunyima usingizi zaidi, nacho naona ni kiputo.

Wazo hili si la kubuniwa na watu wa video. Mwaka 1977 mwanafizikia Mmarekani Sidney Coleman alilipigia hesabu. Hata mahali patupu kabisa, pasipo hewa wala vumbi wala mwanga, pana kiwango fulani cha nishati. Tumezoea kudhani hicho ndicho kiwango cha chini kuliko vyote, lakini huenda sicho. Fikiria mtungi uliowekwa juu ya rafu. Umetulia, hautikisiki, na mtu aliyeishi maisha yake yote akiutazama ataapa kwamba hapo ndipo chini. Kumbe sakafu ipo. Kama mahali pamoja ulimwenguni pangeshuka kutoka rafuni hadi sakafuni, badiliko hilo lingeenea pande zote kama kiputo kinachovimba, kwa kasi inayokaribia ile ya nuru, na ndani yake kanuni za maumbile zingekuwa nyingine.

Video yako ilikomea hapo. Haikukuambia kwamba tangu chembe ya Higgs, moja ya chembe za msingi za maumbile, igunduliwe mwaka 2012 na uzito wake ujulikane, wataalamu wameweza kukadiria mtungi ungekaa rafuni kwa muda gani, na makadirio hayo yanatoa muda mrefu kupita umri wote wa ulimwengu, tena kwa mbali mno. Wala haikukuambia kwamba rafu yenyewe haijathibitishwa kuwapo.

Ile mashine hugonganisha chembe ndogo kuliko atomu. Ni pete yenye mzunguko wa kilomita 27, imechimbiwa ardhini mpakani mwa Uswisi na Ufaransa katika kituo cha utafiti cha CERN, na iliwashwa mara ya kwanza mwaka 2008. Nguvu zake ni kubwa kwa vipimo vya binadamu. Kwa vipimo vya anga ni za kawaida. Mwaka 1991 mitambo iliyoko Utah, Marekani, ilinasa alama za chembe moja iliyotoka angani, ndogo kuliko atomu, ikiwa imebeba nishati kama ya mpira uliorushwa kwa mkono. Chembe za namna hiyo ni nadra, lakini zimekuwa zikiigonga dunia, mwezi, jua na kila nyota unayoiona kwa mabilioni ya miaka. Kama migongano ingetosha kuuangusha mtungi, ungekuwa umeanguka kabla jua letu halijazaliwa. Kiputo hiki kiondoe moyoni leo hii.

Sasa lile neno "wamethibitisha". Hakuna aliyeuthibitisha mwisho wa ulimwengu. Kilichopimwa ni mwendo wake wa zamani na wa sasa. Mwisho tunaupata kwa kuuendeleza mwendo huo mbele. Ni kama wewe kumwona mtu anashuka Ngong Road akielekea mjini. Una sababu nzuri ya kudhani atafika mjini, lakini hujamwona akifika.

Mwendo wenyewe ni huu. Umewaona vijana wa mikokoteni pale Gikomba wakifunga mizigo kwa kanda za mpira zilizokatwa kwenye tyubu. Chukua ukanda mmoja, utie alama za chaki kila baada ya upana wa kidole, kisha uuvute. Chagua alama yoyote ujifanye ndiyo nyumbani kwako. Alama jirani imesogea kidogo, ya mbali imesogea zaidi, ya mbali kabisa imekimbia, na ni hivyo hivyo upande wa pili. Hakuna alama iliyotembea juu ya mpira. Mpira ndio uliotanuka, na hakuna alama inayoweza kudai kuwa ndiyo ya katikati. Galaksi, yaani yale makundi makubwa yenye mabilioni ya nyota, zinaachana namna hiyo. Georges Lemaître, padri wa Kikatoliki kutoka Ubelgiji, aliliandika jambo hilo mwaka 1927, na mwaka 1929 Mmarekani Edwin Hubble akachapisha vipimo vilivyowashawishi wengi.

Kwa karibu miaka 70 watu walidhani mtanuko huo lazima unapungua kasi, kwa kuwa kila kitu kinavuta chenzake. Wewe mlinzi utaelewa walivyopima. Taa mbili za geti zenye wati sawa, moja ikionekana hafifu, unajua hiyo iko mbali zaidi. Angani kuna milipuko ya nyota ya aina moja ambayo mng'ao wake halisi unajulikana vizuri. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yaliikuta ile ya mbali ikiwa hafifu kuliko ilivyotarajiwa. Ilikuwa imesogea mbali kupita hesabu, maana yake mtanuko unaongeza kasi. Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2011. Kinachousukuma mtanuko kikaitwa nishati ya giza. Ni takriban asilimia 68 ya yote yaliyomo ulimwenguni. Athari yake tunaipima, asili yake hatuijui.

Hiyo baridi uliyoisikia ina historia ndefu zaidi, na chimbuko lake ni injini za mvuke, ndugu za zile zilizoegeshwa kwenye makumbusho ya reli hapa mjini. Waliozichunguza waligundua kwamba joto lina tabia ambayo hakuna fundi anayeweza kuikwepa. Mwaka 1852 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliieleza kama kanuni ya maumbile yote, na mwaka 1854 Mjerumani Hermann von Helmholtz akasema wazi inaupeleka wapi ulimwengu.

Litazame jiko la makaa kama unalo hapo kibandani. (Lakini lisiwe ndani na mlango umefungwa, tafadhali sana, hewa yake huua bila kunuka.) Saa mbili usiku makaa ni mekundu, sufuria inatokota. Saa kumi alfajiri ni majivu. Joto lilikwenda wapi? Halikupotea. Liliingia ukutani, likaingia kwenye koti lako, kwenye hewa, likatoka hadi barabarani. Lote lipo, ila limesambaa mno hata haliwezi tena kuchemsha kikombe kimoja cha chai. Maji yalichemka kwa sababu jiko lilikuwa na moto na maji yalikuwa baridi. Tofauti hiyo ndiyo iliyofanya kazi. Tofauti ikiisha, kazi imekwisha. Kipimo cha kusambaa huko kinaitwa entropia, na katika kitu kisichopokea chochote kutoka nje, entropia huongezeka au hubaki ilivyo; haijulikani kushuka yenyewe.

Nyota ni majiko. Kubwa ni kama makaa yanayopepewa: mwanga mkali, na baada ya miaka milioni chache kwisha. Ndogo nyekundu ni kama lile kaa ambalo bibi zetu walilifukia majivuni usiku ili asubuhi wapate moto bila kiberiti. Zinawaka polepole kwa matrilioni ya miaka. Nyota iliyo jirani zaidi na jua letu, Proxima Centauri, ni ya aina hiyo. Lakini hata kaa la majivuni huisha, na makadirio ni kwamba baada ya takriban miaka trilioni 100 hakutakuwa na nyota mpya zinazozaliwa, na za mwisho zitakuwa zinafifia.

Trilioni 100 ni tarakimu isiyoingia kichwani, kwa hiyo acha nikupimie kwa kazi yako. Tuseme umri wote wa ulimwengu hadi leo, miaka bilioni 13.8, ni zamu yako moja, saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Jua na dunia vilitokea saa nane usiku. Binadamu wa aina yetu tumeingia katika sekunde ya mwisho, mwenzako wa mchana akiwa ameshainua mkono abishe geti. Jua litakuwa limeongeza ukali kiasi cha kukausha bahari kabla ya saa moja asubuhi hiyo, na litavimba kuwa jitu jekundu mnamo saa nne na dakika ishirini. Na nyota za mwisho? Itabidi ukeshe zamu nyingine zaidi ya 7,000. Ni karibu miaka 20 ya kulinda kila usiku bila likizo hata moja, na zamu moja ya hizo ndiyo yote yaliyokwisha kutokea tangu mwanzo.

Mimi hesabu hii kila nikiifanya hunibadilishia picha nzima. Tumezoea kujiona wazee, waliofika sherehe inapofungwa. Kumbe viti ndiyo kwanza vinapangwa.

Baada ya nyota yatabaki mashimo meusi, yale makaburi ya nyota yasiyotoa hata nuru. Hapa Kenya tuna mkono katika habari zake. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kupima eksirei zitokazo angani, na vipimo vyake vya Cygnus X-1, chanzo kimojawapo cha eksirei hizo, vilisaidia kuwashawishi wataalamu kwamba mashimo meusi yapo kweli. Nayo hayadumu milele: mwaka 1974 Stephen Hawking alionyesha kwa hesabu kwamba hupungua taratibu sana mpaka yakaisha. Kwa yale makubwa kabisa muda wake ni miaka 1 ikifuatiwa na sifuri 100. Zamu zako haziwezi kuupima huo.

Kule kupasuka vipande ni hesabu iliyoandikwa na Robert Caldwell na wenzake mwaka 2003. Inahitaji nishati ya giza izidi kupata nguvu kadiri muda unavyopita. Hata katika mfano mkali waliouchagua wao, ni takriban miaka bilioni 22 kutoka sasa, na vipimo vya leo havitulazimishi kuufuata mfano huo. Habari za karibuni zinaelekea upande mwingine kabisa. Mradi wa DESI, unaochora ramani ya mamilioni ya galaksi kwa darubini iliyoko Arizona, ulitoa matokeo mwaka 2024 na mengine 2025 yenye dalili kwamba nishati ya giza inapungua nguvu. Ikithibitika, mtanuko unaweza siku moja kutulia, na hata ulimwengu kuanza kujikunja urudi ulikotoka. Bado ni dalili, haijafikia kiwango cha uhakika ambacho wanafizikia hudai. Ukinibana nichague leo, nitasema baridi ya polepole ndiyo yenye ushahidi mwingi, na nitakuomba uniulize tena baada ya miaka kumi.

Kubadilika huku kusikushangaze. Mwaka 1895 H. G. Wells alichapisha riwaya ambamo msafiri anafika ufuoni mwa bahari ya mwisho, jua likiwa limevimba, jekundu, haliondoki. Alivyoandika, dunia inafikia hali hiyo baada ya miaka milioni 30 tu na ushei, kwa sababu sayansi ya siku zake, Kelvin akiwa mbele, ililipa jua umri wa makumi ya mamilioni ya miaka. Nguvu za ndani ya atomu zilikuwa hazijajulikana bado. Isaac Asimov mwaka 1956 aliandika hadithi ya kompyuta inayoulizwa kizazi hadi kizazi kama entropia inaweza kurudishwa nyuma, na kila mara inajibu kwamba taarifa hazijatosha. Naipenda kwa jibu hilo kuliko kwa mwisho wake. Waandishi hawa walichukua sayansi ya wakati wao wakaipa uso wa mtu. Video zako zinafanya hivyo hivyo, ila zimetoa miaka na kubakiza hofu.

Na mchungaji wako? Sitakugombanisha naye. Waraka wa pili wa Petro unataja mbingu kutoweka na vitu kuungua. Kurani katika sura ya Al-Anbiyaa inataja mbingu kukunjwa kama karatasi za maandiko. Maneno hayo yanazungumza juu ya hukumu na ahadi, juu ya Mungu na watu wake. Hayapimi wingi wa nishati kwa kila mita ya anga. Padri Lemaître alilijua hilo: mwaka 1951 Papa Pius XII alipoonekana kuitumia nadharia ya mlipuko mkuu, ile isemayo ulimwengu ulianza ukiwa umesongamana na wa moto mno kisha ukatanuka, kama ushahidi wa uumbaji, padri huyo hakupendezwa, kwa kuwa aliona si haki kwa imani wala kwa sayansi. Muulize mchungaji wako kuhusu matumaini. Kuhusu hidrojeni niulize mimi.

Kuna mtu wa kwetu ninayetaka umfahamu. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, mchungaji na mwanafalsafa, alisema katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba fikra za jadi za Kiafrika hazikuwa na habari ya historia inayokimbilia mwisho wa dunia. Akachukua maneno mawili ya lugha hii tunayoandikiana, sasa na zamani. Tukio huanza katika sasa, kisha hurudi nyuma, likaingia zamani, na zamani kwake si shimo la kusahauliwa. Ni hifadhi kuu ambamo kila lililotendeka limetunzwa, na ambayo juu yake sasa husimama. Wengi walimpinga. Kwame Gyekye wa Ghana alionyesha kwa lugha yake ya Kiakan kwamba Waafrika huwazia kesho ya mbali pia, na mtu yeyote wa pwani angemwambia Mbiti kwamba Kiyama kimetajwa kwa Kiswahili kwa karne nyingi. Naona waliompinga wana haki kuhusu kesho. Lakini lile la zamani silitupi. Ulilipa karo ya muhula uliopita. Mtoto akakaa darasani, akajifunza. Hilo limekwisha kuwa kweli, na hata nyota ya mwisho ikizimika halitageuka kuwa jambo lisilotokea.

Thomas Nagel, mwanafalsafa Mmarekani, aliligusa swali lako la tatu mwaka 1971 kwa njia nyingine. Unasema tunachofanya leo hakitakuwa na uzito wowote baada ya miaka milioni. Sawa, anasema, basi kwa hesabu hiyo hiyo, yatakayokuwapo baada ya miaka milioni hayana uzito wowote leo, likiwamo hilo la sisi kutokuwa na uzito wakati huo. Kipimo hicho hakiwezi kukata upande mmoja tu. Fizikia inaweza kukuambia jiko litazimika lini. Haina chombo cha kupima kama chai iliyopikwa juu yake ilikuwa na thamani kwa aliyeinywa akiwa na baridi.

Ndugu yangu, kuna jambo nililoliona katika barua yako ambalo si la nyota. Umesema miezi miwili hulali usingizi wako sawasawa. Kazi ya usiku peke yake huuvuruga mwili, kwa kuwa mwanga wa asubuhi huuambia ubongo uamke wakati wewe unataka kulala. Tundika pazia zito, na hizo video ziache angalau saa mbili kabla ya kutoka zamu. Ukiona bado hulali, au chakula hakipiti, au moyo unakwenda mbio bila sababu, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe umweleze daktari hivyo hivyo ulivyonieleza mimi. Wasiwasi una matibabu, na kuna washauri wa kuzungumza nao. Na kama umewahi kuwaza kwamba afadhali usiwepo, usisubiri zamu iishe. Mwambie mtu leo, mkeo, ndugu au huyo mchungaji, naye akusindikize hospitalini. Mathari na Kenyatta zote zina watu wa kazi hiyo. Barua kutoka kwangu haitoshi kwa hilo.

Mwezi wa Januari anga ya Nairobi huwa safi. Mnamo saa mbili na nusu usiku simama mahali taa za geti hazikupigi machoni, uangalie karibu na utosi, ukielekea kaskazini kidogo. Utaona kishada cha nyota sita au saba zilizosongamana. Hicho ni Kilimia, kilichowaonyesha wakulima majira, na wazee wa pwani walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nuru utakayoiona ilianza safari takriban miaka 440 iliyopita, kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa. Nyota zenyewe zina umri wa miaka kama milioni 100, yaani dunia ilikuwa tayari na dinosaria zilipowashwa. Kwa ile zamu yetu, ziliwaka kukiwa kumebaki dakika kama tano hivi kabla ya mapambazuko. Kishada hicho kitazama magharibi baada ya saa nane usiku, nawe utakuwa bado uko kazini. Ukiwa na mtoto wa kumwonyesha, anza naye siku yako ya mapumziko, mapema, kabla hajasinzia.